Mkandaji wa Nyalenda

Mama anayetukanda hapa Nyalenda hukanda kwa hasira. Hasemi nawe, hugombeza kiungo chako. "Wewe shingo, nani alikutuma kubeba maji ya watu?" Mgongo wa muuza samaki huuegemea kwa kiwiko mpaka mwenyewe asinzie. Miguu ya mjamzito iliyovimba huipandisha kwa kiganja, polepole, kutoka kifundoni hadi gotini, huku akiisuta. Hata kichanga mwenye tumbo la gesi, anayezungushiwa vidole viwili tu kitovuni, hapati msamaha. Na ana sheria moja: aliyekuleta lazima ajifunze kukukanda nyumbani. Humpaka mafuta mkononi, kisha huuongoza mkono huo kwa wake.

Jana mwanamume mmoja alimleta mkewe, mkono hauinuki. "Alianguka kwa mfereji," akasema kabla hajaulizwa. Mama akaishusha blauzi ya yule mwanamke begani, akatazama. Bega lile hakuligombeza hata neno moja, na sisi tuliokuwa kwenye benchi tukanyoosha shingo kutazama. Akampaka yule bwana mafuta, akauweka mkono wake juu ya bega la mkewe. Palikuwa na alama nne zilizovilia damu, na ya tano upande wa pili. Vidole vya yule bwana vikatua juu ya alama hizo, kila kimoja mahali pake. Akajaribu kuuvuta mkono. Mama akaukandamiza palepale.

"Unatoroka nini, Baba? Si mkono wako unapajua hapa?"