Moyo wa Wiki ya Kwanza

Kazini, katika maabara ya utafiti wa moyo, walimwita Mkunga wa Panya, naye hakukasirika, maana jina lilimkaa. Panya akizaa, yeye ndiye aliyekilaza kitoto kwenye barafu kikasinzia, akakipasua kifua chini ya hadubini, akakata ncha ya moyo, akashona. Kisha alikisugua kwa maranda ya kiotani, mama asisikie harufu ya mtu. Akiisikia, humla mwanawe. Maranda yalitoka karakana ya mumewe, seremala. Wiki chache baadaye ule moyo ulikuwa umeota upya, mzima kabisa.

Habari hiyo alimpelekea mumewe mbio mbio, mwaka ule moyo wa huyo mume uliposhtuka nusura umuue. Kwa furaha akaacha kumalizia: ikipita wiki ya kwanza ya maisha, moyo hauoti tena, huweka kovu tu. Madaktari walipotaka kumpasua, seremala akagoma.

"Nipasuliwe ya nini, na mke wangu anaotesha mioyo?"

Mke, Mungu amsamehe, akanyamaza. Alikuwa na tumaini lake: dawa waliyokuwa wakiwajaribia panya waliovuka ile wiki. Alijiambia ikifanya kazi, hakutakuwa na haja ya kumkatisha mtu tamaa.

Dawa haikufanya kazi. Asubuhi moja aliikata mioyo yote ya panya hao vipande vyembamba, akaitazama mmoja mmoja, akaona makovu matupu. Na jana yake daktari alikuwa amemwambia kando kwamba mgonjwa hapasuliki tena, moyo umechoka. Akavirudisha kiotani vitoto vya siku hiyo bila kuvisugua. Alipokumbuka, mama panya alikuwa ameshaanza kutafuna. Mkunga akaketi sakafuni akalia kama mtoto.

Nyumbani alimkuta mumewe ameegemea benchi la kazi, randa mkononi, pumzi juu juu.

"Wanangu wa kambo hawajambo?" alitania, kama kawaida yake.

Mke akamwambia yote, hata lile la wiki ya kwanza.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mume wangu."

Seremala akapangusa maranda mapajani, polepole.

"Ungeniambia tu, mama," alisema. "Kisu sikukiogopa mimi. Nilikuwa nakungoja wewe."