Kisanduku Chumbani kwa Mama Mkwe

Kama kuna mtu aliyechoka Embu nzima, basi ni Nyamu, na msinibishie. Miaka saba anavuta nyaya za faiba kutoka mlingoti hadi mlingoti, Runyenjes, Karurumo, hadi mtaa wa Dallas anakoishi. Asubuhi simu inamletea orodha ya wateja, jioni orodha bado ina wateja. Akifika nyumbani anavua viatu, anajitupa kwenye kochi, na siku imeishia hapo.

Sasa, mkewe Igoki hufundisha hesabu kwa video, watoto wa Wakenya walioko ng'ambo. Meza yake ilikuwa chumba cha nyuma, ruta ilikuwa sebuleni, na katikati kuta mbili za mawe. Mtandao ulifika kule umechoka kuliko Nyamu mwenyewe. Somo likikolea, picha inaganda, mtoto anaita "mwalimu, mwalimu," na mwalimu hasikii. Wanafunzi watatu walimwacha. Nyamu akanunua seti ya mesh, visanduku viwili vya kupokezana mtandao kama watu wanaopeana ndoo za maji, akaiweka juu ya kabati. "Nitaifunga Jumapili," alisema. Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu hata boksi hakulifungua. Miezi minane ikapita. Siku moja Igoki akakunja nguo zake, akarudi kwa mama yake kule Karurumo. Hakupiga kelele. Alisema tu amechoka kuomba.

Wiki ya tatu baada ya hapo, Jumanne, orodha ikaleta jina: Cicily, Karurumo, faiba mpya pamoja na mesh. Nyamu akasoma mara mbili. Cicily ni mama mkwe wake. Akampigia Kivuti, fundi mwenzake, wabadilishane kazi, lakini Kivuti alikuwa Kiritiri na wateja sita wanamngoja. Basi akafunga ngazi kwenye pikipiki, akaenda. Njiani alielewa vizuri alichotumwa. Mtandao ukishika vizuri kule, Igoki hana haja ya kurudi Dallas. Ukisumbua, huenda akarudi. Na ni yeye mwenyewe ambaye angeufunga.

Cicily alimpokea kwa chai na nduma, maana mkwe hapandi ngazi na njaa. Igoki alichungulia kutoka chumba cha nyuma.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

Akarudi ndani.

Kufika saa sita faiba ilikuwa imeingia sebuleni, na kisanduku cha kwanza kimekaa kando ya ruta. Cha pili ndicho kilichokuwa na maneno. Nyumba ile ni ndefu: sebule mbele, chumba cha Cicily katikati, cha Igoki mwisho. Kisanduku kilitakiwa kukaa katikati, na katikati ndiko chumbani kwa mama mkwe. Kwetu mkwe hakanyagi huko. Hata moto ukiwaka, ataita jirani aingie.

Kulikuwa na soketi nyingine kwenye kona ya ukumbi, karibu na jikoni. Nyamu alijua kona ile. Igoki angepata mtandao wa dakika kumi, kisha picha igande. Na nani angemlaumu? Mila yenyewe ingemtetea. Akachomeka kisanduku pale kwenye kona, taa ikawaka njano, ya mtandao dhaifu.

"Inatosha?" Cicily akauliza.

"Itajaribu, mama."

Cicily alimtazama. Mama huyu ameuza muguka, majani yale ya kutafuna, kwa madalali miaka thelathini, na fungu lililofichwa majani makuukuu katikati hulijua kabla halijafunguliwa.

"Mkwe," alisema polepole, "kama mimi nisingekuwa mama ya Igoki, hiki kitu ungekiweka wapi?"

Nyamu akatazama sakafu. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, lakini aliona aibu, tena aibu ya kweli, ya mtu mzima aliyekunywa chai ya mwenye nyumba.

"Chumbani kwako, mama. Juu ya kabati la nguo."

"Si ungesema." Akachomoa kisanduku, akaingia nacho.

Nyamu akabaki ukumbini, mgongo kwa mlango, anaongea na ukuta. "Juu, mama, si ndani ya kabati. Kipe nafasi kipumue."

"Nimekiweka. Nimekifunika na kitambaa changu kizuri, vumbi lisiingie."

"Kitambaa toa, mama."

"Hata hiki cha kufuma?"

"Hata hicho."

Nyamu aliangalia simu yake. Taa ya kule ndani, simu ilisema, imekuwa nyeupe: mtandao umeshika.

Saa nane Igoki alikuwa na darasa. Nyamu alikuwa akikusanya vifaa vyake ukumbini, taratibu, na kusema kweli alikuwa amemaliza zamani. Alimsikia akieleza sehemu, nusu na robo, akimcheka mtoto aliyegawa chapati vibaya. Sauti haikukatika hata mara moja. Ndipo Nyamu alipogundua kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kusikia somo la mkewe likifika mwisho. Ilimuuma vibaya sana.

Igoki alitoka kuthibitisha kazi kwenye simu.

"Imeshika," alisema. "Kumbe unaweza."

"Nilikuwa nachoka, Igoki."

"Najua. Na mimi nilichoka."

Nyamu akabeba ngazi.

Kwenye orodha walibaki wateja wawili. Alipiga simu ofisini akasema leo hafiki, akaenda moja kwa moja Dallas. Alishusha boksi, akalipangusa vumbi, akafungua. Dakika arubaini tu. Miezi minane, kwa kazi ya dakika arubaini. Aliketi kwenye kiti cha Igoki, kule nyuma, akampigia kwa video.

Igoki alimtazama kwenye skrini. Kisha akasema, "Nenda jikoni."

Nyamu akaenda na simu. Picha haikuganda. Vyombo vya wiki nzima vilionekana vizuri sana.

"Chumbani."

Akaenda. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upande mmoja.

"Rudi kwa meza yangu. Pole pole, nione kama inakatika."

Haikukatika. Nyamu alisimama pale, bado na viatu vya kazi, macho mekundu, magoti yanamuuma, akingoja atumwe kwingine.

"Sasa kaa chini," Igoki alisema. "Umechoka."

Akakaa.

"Jumamosi uje unichukue. Lakini Nyamu," akasema, "usije na ngazi."