Hewa ya Chumba cha Mama

Fundi wa viyoyozi hagusi bisibisi kabla hajaweka kiganja mbele ya mashine na kufumba macho. Vidole vyake vimechanwachanwa na mabati, ila vifuniko huvifungua polepole, akinong'ona, “Haya, unaumwa wapi?” Siku hiyo aliitwa na dada mmoja aliyefura kwa hasira. “Mama kaharibu kiyoyozi tena! Anasahau kila kitu. Safari hii nampeleka kwa kaka, nimechoka.” Mama mtu mzima alikuwa kitandani, amejitanda shuka. Fundi akaweka kiganja. Hewa ilitoka ya moto. Rimoti ilikuwa kwenye alama ya jua. Akairudisha kwenye baridi, akachomoa chujio na kulikung'uta dirishani. “Ni vumbi tu, dada. Hakuna aliyeharibu kitu.” Dada akashusha pumzi, akaenda kuleta maji ya kuliosha. Fundi akachuchumaa kando ya kitanda. “Mama, hiki kitufe cha jua umekibonyeza kwa bahati mbaya?”

“Sijasahau, mwanangu. Nasikia baridi. Naogopa kumwambia.”

Dada aliporudi na ndoo, alimkuta fundi juu ya kiti, anaelekeza hewa mbali na kitanda. “Mashine hii,” alisema bila kugeuka, “haitaki kumpulizia mtu moja kwa moja. Inaharibika.”