Bendera ya Upande wa Milima

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, shemeji Luka alikuwa akichota majivu jikoni kwa ncha za vidole, anatoka nayo uani, anayarusha juu. Anasimama kutazama yanakokwenda. Ukimwamkia kabla hajamaliza hakuitikii. Akishaona upepo unavuma wapi ndipo anageuka na kusema, "Haya, shemeji, mmeamkaje?"

Mazoea hayo aliyaanzia kwao Mvumi, enzi anapepeta mtama na baba yake. Kibaigwa, tulikokuwa tunaishi, hakuwa na mtama wa kupepeta. Alikuwa anabeba magunia ya mahindi sokoni, na mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua, akiinama kufunga viatu anashika ukuta. Lakini majivu hakuyaacha. Mimi nilikuwa nakaa kwao tangu nilipoishia darasa la tatu, nikimsaidia dada Jenifa, mkewe, kupikia wapakiaji.

Ilikuwa ile miaka watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kufanya mambo ambayo mwanzo yalikuwa ya serikali peke yake. Kampuni moja ikaja na ndege mpya ya kunyunyizia dawa ya kuua kwelea, wale wanaomaliza mtama na uwele. Ilikuwa haijaanza kazi. Ilibidi kwanza ijaribiwe mbele ya maofisa, ikiwa imejazwa maji badala ya dawa. Msimamizi alikuwa Hamidi, mtu wa mjini Dodoma, mwenye utani mwingi. Alipita kwetu kuagiza chakula cha vibarua akamkuta shemeji na majivu yake.

"Wewe ndiye ninayekutafuta," akamwambia. "Unajua upepo. Njoo unishikie bendera. Majaribio yakipita, unaajiriwa, magunia unawaachia wenzako."

Dada alifurahi mpaka akaacha sufuria ikaungua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu mmoja anasimama mwanzo wa shamba, mwingine mwisho, kila mmoja na bendera nyekundu kwenye ufito na ovaroli nyeupe ili rubani awaone. Rubani anazilenga bendera mbili, anapita chini, karibu na vichwa vyao. Bendera ya mwanzo alipewa Gideoni, mwenzake shemeji wa sokoni. Shemeji alipewa ya mwisho, upande wa milima, ambako ndege inainuka ikiwa bado na mzigo.

Siku ya kwanza nilikuwa pembeni na dada, tumekaa na masufuria. Ndege ilikuja ikinguruma, ikashuka mpaka mabua yakalala. Gideoni aliinamisha kichwa tu. Shemeji alitupa bendera akakimbia, akaanguka, akaamka, akakimbia tena mpaka kwenye miiba.

Walicheka sana. "Luka, bwana, ile haili watu," Gideoni akamwambia. Hamidi naye akamsaidia kung'oa miiba huku anacheka. "Sikiliza, ndugu yangu. Ukikimbia tena usirudi hapa. Nyoosha moja kwa moja mpaka kwenu Mvumi."

Shemeji alicheka pia. Mimi nilikuwa namwangalia mikono. Ilikuwa imeishikilia ovaroli.

Kuanzia hapo aliharibika. Lori likipiga honi barabarani anajikunyata. Mwewe akipitisha kivuli uani, kuku wanakimbilia chini ya banda, na yeye anarudi mlangoni. Chakula anakigusa anasukuma sahani. Dada alidhani ni malaria, akamchemshia mwarobaini. Asubuhi ya jaribio la mwisho niliona majivu yanamwagika kabla hajafika uani.

"Shemeji, unatetemeka," nikamwambia.

"Ni baridi."

Jua lilikuwa limeshatoka. Akaona ninavyomtazama, akasema polepole, "Kichwa changu kinajua haitanigusa. Miguu ndiyo haitaki kujua."

"Mwambie dada."

"Dada yako ameshawatangazia majirani." Akajifuta majivu kwenye ovaroli. "Na Hamidi na Gideoni nimewaahidi sitakimbia tena. Nikikimbia leo nitamtazama nani?"

Jaribio la mwisho lilikuwa baya kuliko yote. Chini ya tangi kulikuwa na mlango wa kumwaga mzigo wote kwa mkupuo, maana injini ikizimika angani rubani lazima aupunguze au aanguke nao. Aliambiwa aumwage baada ya kupita bendera ya pili. Alipokuja mara ya kwanza mlango haukufunguka. Ndege ikapita juu ya shemeji ikiwa nzito, inahangaika kupanda, ikakata matawi ya mgunga nyuma yake. Nilifumba macho. Nilipofumbua, shemeji alikuwa amechuchumaa, amekumbatia ufito kwa mikono miwili. Lakini hakukimbia.

"Mwanamume huyo," dada akasema.

Ndege ilirudi kiwanjani mafundi waufungue mlango. Tulikaa muda mrefu, watu wakala. Nilimpelekea Gideoni maji. Kule kwa shemeji nilimwona anaokota mabua, nikadhani anatafuta pa kukalia.

Ndege ilipokuja tena, yule mwenye ovaroli nyeupe alikuwa amesimama wima pale pale, bendera juu. Nikashangaa. Shemeji akisimama habaki na miguu yote miwili chini, anabadilisha badilisha kama anakanyaga moto. Huyu alitulia kabisa. Nilitaka kumwambia dada, ndege ikawa imeshafika.

Mlango ulifunguka mapema. Maji yalishuka mazima, kama ukuta unaoanguka, yakampiga yule mtu yakamlaza chini, na vumbi likaruka na tope.

Dada hakulia kama mtu anayeita. Alilia kile kilio cha msiba. Tulikimbia wote, na Hamidi mbele yetu, kofia imemtoka, anasema, "Yallah, yallah, nimemuua mtoto wa watu."

Akafika, akaishika ovaroli, akaivuta. Yakatoka mabua. Yalikuwa yamepangwa vizuri na kufungwa kwa kamba za mbuyu, kama zile sanamu za kutishia kwelea wanazosimamisha kwao kwenye mtama. Mikono ilikuwa vijiti viwili. Bendera imefungiwa kwenye kimoja.

Gideoni akacheka kwanza. Halafu Hamidi akakaa kwenye tope akacheka huku machozi yanamtoka.

"Yule pale," nikasema.

Alikuwa ameshafika mbali, kwenye njia ya ng'ombe iendayo milimani, na fulana yake nyekundu. Bila shaka kilio cha dada kilimfikia.

"Luka," Hamidi akaita, anainuka. "Rudi, bwana. Umejiokoa, hakuna anayekulaumu. Nilikuwa natania niliposema usirudi."

"Baba Sila," dada akaita, kwa jina la mtoto wao waliyemzika. "Chakula chako nimekufunikia."

Shemeji akasimama. Akainama akachota vumbi, akalirusha juu, akatulia kulitazama. Likapeperuka kuelekea milimani. Akalifuata, hakugeuka, na mpaka leo hajarudi.