Nguo Haina Miguu

Fundi cherehani mmoja alihamia ugenini na mikono isiyojua kutulia. Duka la ushonaji alikoajiriwa lilipofungwa mchana ili watu wapumzike, yeye alibaki mlangoni akinung'unika. Mwenye duka, mama mtu mzima, akamwambia, “Njoo ule, mwanangu. Nguo haina miguu, haitakimbia.”

Miezi ya kwanza alikula amesimama, roho juu juu. Kisha mchana mmoja akajikuta amevua viatu, amempigia mama yake nyumbani, wanapiga soga mpaka chai ikapoa. Zamani simu zao zilikuwa salamu na kwaheri tu, basi mama akaingiwa na wasiwasi.

“Mbona leo una nafasi? Wamekufukuza kazi?”

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. “Hapana, mama. Nimepumzika. Hebu endelea, jirani akasemaje?”