Mnada wa Ndege Namba Tano

Mpwa wangu Hilton Pharo alilipwa mshahara wa kuongea, ndiyo maana nyumbani alikuwa haongei. Ungemkuta Jumatatu barazani kwa dada yangu, hapa Duikerfontein, kikombe cha kahawa mkononi, ungeapa ni bubu. Dada akimwuliza kama anataka mkate mwingine, anainua kidole kimoja. Hilo ndilo jibu.

Kazi yake ilikuwa kuwatangaza Malgas. Hicho ni kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga: ndege tano za mafunzo zenye propela, nyeupe na bluu, zilizopewa jina la yule ndege wa visiwani kwetu anayejirusha baharini kichwa chini. Marubani wake ni walimu. Katikati ya wiki wanafundisha vijana kuruka, Jumamosi wanapaa mbele ya watu na kuzipindua ndege tumbo juu huku zikitoa moshi. Hilton yeye anabaki chini jukwaani, kipaza sauti mkononi, kisikizi kwenye sikio la kushoto. Kwenye kisikizi anawasikia marubani na wakubwa. Kwenye kipaza anawapa watu kile wanachotakiwa kupewa.

Watu wanadhani mtangazaji yupo kueleza kinachotokea. Sivyo. Yupo kuyasukuma macho yao. Ndege nne zikimaliza kupinduka kwa pamoja, lazima ziende mbali zikajipange upya, na anga linabaki tupu. Hapo anasema tazameni kushoto, na kushoto inatokea namba tano, ile inayoruka peke yake, chini kabisa kama inataka kufyeka majani. Namba tano ikienda kupumua, anasema geukeni kulia, na zile nne zinarudi. Asiyejua anaona onyesho lisilo na pengo. Mimi nilimwelewa siku ya kwanza. Nimeuza samaki maisha yangu yote. Unamfunulia mteja shavu la samaki aone wekundu, ili asianze kuuliza habari za mkia.

Hata ile sauti aliifanyia mazoezi kwangu. Alikulia nyuma ya pikapu yangu, mimi usukani, yeye anapuliza baragumu la bati na kunadi samaki wa snuki mtaa kwa mtaa. Wanawake walitoka na sahani, hata wale waliokuwa na nyama jikoni. Alipoingia jeshini walimweka stoo ya vipuri, na alikuwa ameridhika. Kisha mtangazaji wa zamani akaugua koo siku moja kabla ya onyesho, na mtu fulani akakumbuka kwamba yule kijana wa stoo alikuwa muuza samaki. Shikilia wiki hii tu, wakamwambia.

Wiki hiyo haikuisha. Kila Jumamosi ilikuwa ya Malgas, mji kwa mji: George, Upington, Bloemfontein. Mkewe Rochelle alivumilia miaka kadhaa, halafu akahamia Paarl na binti yao, bila ugomvi wowote, akisema amechoka kuolewa na Jumatatu. Dukani watu walimzuia Hilton kwenye foleni wakimwomba aseme ile ya "sasa elekezeni macho yenu". Baba yake alipofariki, mchungaji alimpa yeye kipaza sauti, maana nani mwingine? Akawatangaza wabeba jeneza, na watu wakaniambia nje ya kanisa kwamba kwa kweli aliwatangaza vizuri sana. Niliona uso wake wakati ule. Alikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya friza la duka huku wateja wakichungulia kwenye kioo.

Alichokitaka kilikuwa kidogo. Alitaka kusomea kazi ya mnara wa kuongozea ndege. Aliniambia kule mtu anasema subiri, shuka, tua, na hakuna anayempigia makofi. Lakini kozi ile haipokei mtu aliyetimiza miaka thelathini na mitano, na Hilton alikuwa anaitimiza Februari. Ombi lake lilikuwa mezani kwa mkuu wa kambi, Kanali Sekgobela, mama mwenye sauti ya chini na hesabu kali. Misimu iliyopita alimjibu subiri msimu ujao. Safari hii alisema ataamua baada ya onyesho la Oktoba, lile la nyumbani kambini.

Hilton akaja kwangu. Nilikuwa naosha pikapu, nikamsikiliza huku naosha. Nikamwuliza kama anajua kwa nini hawamwachii. Akasema hajui.

"Kwa sababu wewe ni mali nzuri, baba. Nani anauza ng'ombe anayekamuliwa? Kausha maziwa."

"Niharibu kazi makusudi, Mjomba?"

"Sikukwambia uharibu. Chosha tu. Isome ile karatasi yako ya matangazo kama karani wa mahakama. Huyo mama akiona watu wanapiga miayo, atakusainia mwenyewe na kukusindikiza mlangoni."

Akasema marubani hawastahili hivyo. Nikamwambia marubani wako juu, hawasikii chochote, na zaidi ya hayo yupo koplo mmoja wa kitengo cha habari anayekimezea mate kile kipaza. Kila mtu angepata alichotaka. Sijawahi kuona biashara safi kama ile.

Siku yenyewe nilipewa nafasi nyuma ya umati, mimi na pikapu yangu, snuki wa kuchoma na mkate wa moto. Hilton alianza, nami nikajua amenisikia. Alisoma. Loo, alisoma vibaya kwa ufundi. Ndege zilichora moyo mkubwa wa moshi juu ya vichwa vya watu naye akautaja kama mtu anayesoma anwani kwenye bahasha. Macho hakuyasukuma popote. Namba tano ikapita mgongoni mwa watu, nusu ya umati wasiione. Polepole wakaanza kugeuka kutafuta chakula, na waliotafuta chakula wakanikuta mimi. Kwenye hema la wakubwa Kanali alikuwa hatazami juu tena. Alikuwa anamtazama Hilton. Koplo wa habari alikuwa ameshanyoosha kofia yake.

Ndege zikamaliza, zikatawanyika, nne zikatua moja baada ya nyingine. Watu wakaanza kukunja viti. Kati yao na njia ya ndege palikuwa na kamba tu, na watu wa magari walikuwa wanakatiza kando ya kamba ile kwenda maegeshoni, penye kichochoro cha gari la zimamoto.

Namba tano haikutua. Ilipita karibu na mnara, chinichini, kama inajionyesha, na mimi niliyekuwa mbali niliona vizuri kuliko waliokuwa karibu: mguu wa kulia umening'inia, wa kushoto haupo. Hilton akagusa sikio. Akaacha kusoma katikati ya sentensi.

Rubani wa namba tano alikuwa Kapteni Marlin Cloete, kijana wa mtaani kwetu. Mama yake, Katriena, alikuwa mstari wa mbele kabisa, kwenye kiti alichokibeba kutoka nyumbani, blanketi magotini.

Alichoambiwa Hilton kwenye kisikizi alinieleza baadaye. Gurudumu limegoma. Marlin atazunguka kwanza apunguze mafuta, kisha atakunja na lile moja zima, atue kwa tumbo. Halafu Kanali akaongeza: "Sajini, wasijue. Wakijua watakimbilia kamba na simu zao, na gari la zimamoto halitapita. Mama yake pia. Wabakize hapo walipo mpaka atue."

Sasa pima mwenyewe. Watu walikuwa wanaondoka kwa sababu yeye amewachosha. Walikuwa wanaziba njia kwa sababu yeye amewachosha. Akiendelea kusoma kama karani, Februari yuko darasani kwa watu wa mnara, na Marlin, ndege ikishika moto, anasubiri gari lililonaswa katikati ya viti vya kukunja. Akifungua kinywa chake kile cha kweli, Kanali yuko pale, ameketi, anasikiliza.

Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

"Haya, ndugu zangu, karatasi imenichosha, nanyi nimewachosha. Tufanye biashara. Mnaiona ile inayozunguka kule? Jeshi limefilisika, mnajua wenyewe. Nimeambiwa niiuze kabla haijatua. Ndege moja, mmiliki mmoja, mwalimu, haijawahi kubeba samaki. Nani anaanza?"

Ilikuwa ile sauti ya nyuma ya pikapu. Waliokuwa njiani wakasimama. Mtu akapaza sauti kwamba anatoa mbuzi wawili. Mwingine akasema anamtoa mama mkwe wake, na Hilton akamjibu kwamba mama mkwe hatupokei, jeshi linaye Kanali tayari. Kicheko kilichopita pale, hata askari wa hemani waliinamisha nyuso. Watu wakarudi kutoka maegeshoni, wakafungua tena viti vyao, kichochoro kikabaki cheupe. Na ndege ikawa inazunguka, inazunguka, naye anaipandisha bei kila inapopita.

Ndipo Katriena Cloete akasimama na blanketi lake. Ni mwanamke wa utani tangu zamani.

"Natoa sahani ya koesista," akasema, yale maandazi yake ya viungo na nazi ambayo mtaa mzima unayapigania Jumapili. "Na huyo rubani bakini naye, hajui kuosha hata kikombe."

Watu walikufa kwa kicheko. Hilton alimtazama. Alikawia kidogo tu, mtu asiyemjua asingegundua.

"Sahani ya koesista kwa Mama Cloete," akasema. "Rubani tunabaki naye sisi."

Marlin alikuwa ameshaukunja mguu, amegeuka upande wa kutua. Hilton akanyoosha mkono kuelekea kwangu.

"Lakini mwenye pesa hapa ni mmoja, na amejificha. Geukeni nyuma wote. Yule wa pikapu ya samaki ni mjomba wangu, hajawahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Mwulizeni anatoa ngapi."

Uwanja mzima ukanigeukia mimi, na Katriena miongoni mwao, migongo yote kwenye njia ya ndege. Juu ya vichwa vyao niliiona inashuka bila miguu. Nilishika koleo la mkaa, sikuwa na pengine pa kuangalia. Kama uso wangu ungebadilika, wangegeuka.

"Kwanza niambie kasoro yake," nikasema kwa nguvu.

"Haina kasoro, Mjomba."

"Kama haina kasoro, mnauza ya nini?"

Wakacheka. Nikauliza inakunywa mafuta kiasi gani, nikasema rangi ile haiendani na pikapu yangu, nikaomba nipunguziwe kwa sababu ina kiti kimoja kilichokaliwa. Sikumbuki yote. Nakumbuka kuwa niliendelea kugeuza samaki.

Kisha ukaja mlio, kama paa la bati linaloburutwa juu ya mawe. Wote wakageuka. Ndege ilikuwa inateleza kwa tumbo, cheche chini, vumbi nyuma, propela imejikunja. Ikazunguka nusu, ikasimama. Gari la zimamoto lilipita kichochoroni bila kupiga honi, maana hapakuwa na wa kupigiwa. Likamwaga povu. Kioo kikafunguka na Marlin akasimama juu ya bawa, akavua kofia yake ngumu. Watu wakapiga makofi. Wengine mpaka leo wanaamini lilikuwa pambo la mwisho la onyesho.

Katriena hakupiga makofi. Alikwenda kwanza mpaka kwenye kamba, akahakikisha mwanawe anatembea. Halafu akarudi mpaka jukwaani, akasimama chini ya Hilton.

"Ulijua."

"Ndiyo, Mama."

"Uliniuzia mwanangu nikicheka."

 Kipaza kilikuwa bado kinawaka, tukamsikia Hilton anavyopumua. Katriena akachukua kiti chake akaenda.

Jumatatu Kanali alimwita. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimsifu, akasema amemwandikia pongezi kwa wakuu. Kuhusu lile ombi, alimwuliza kwa upole ni nani mwingine katika jeshi zima angeweza kufanya alichofanya Jumamosi. Koplo wa habari alikuwa ameshahamishiwa Pretoria. Hilton akasema ndiyo, afande, akapiga saluti.

Nilikwenda mimi mwenyewe kujaribu. Nilibeba snuki wawili wazuri, nikamweleza Kanali habari za mke aliye Paarl na umri unaokwisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia samaki wangu.

"Mzee, wewe ni mfanyabiashara. Ungekuwa mimi, ungemwachia?"

Nilitaka kumdanganya. Nimewadanganya watu wagumu kuliko yeye. Nikamwambia hapana, nisingemwachia.

Februari ikapita. Ule mnada wameuingiza kwenye karatasi rasmi, umegongwa muhuri, na watu wa Upington na George wanaudai kwa kelele kabla ndege hazijawasha injini. Kila Jumamosi Hilton anainadi ndege ya Marlin, na Marlin anazunguka huko juu na magurudumu yake mazima akisubiri anadiwe. Katriena hahudhurii, na akikutana na Hilton mtaani anavuka barabara. Juzi nilikwenda kuuza, nikamwona Hilton jukwaani. Alifika mahali pa koesista, akasema yote kama yalivyoandikwa, kisha akanyamaza kidogo pale karatasi inapomwambia anyamaze. Watu wakacheka. Kanali akatikisa kichwa kukubali, naye akaendelea na sentensi iliyofuata.