Ngui wa Kikima na Kiti cha Rais

Ukitaka kumjua Syombua, usimuulize mumewe. Mutiso atakuambia tu kwamba mke wake anauza parachichi na sukuma wiki sokoni Kikima, halafu ataanza habari za mvua. Ana sababu zake. Siku moja aliuza kondoo dume wa mama mkwe wake bila kumwambia mtu, akaimbwa mbele ya soko zima, na aliyemwimba alikuwa mke wake wa ndoa.

Maana Syombua ni ngui. Kwa Wakamba, ngui si mtu wa kutumbuiza harusi tu. Ndiye anayetunga wimbo na kuuanzisha, na kazi yake moja, iliyokuwepo kabla kanisa lolote halijajengwa Mbooni, eneo lenye Kikima yenyewe, ni kuwaimba watu makosa yao. Mtu akikosea, watu humnong'oneza ngui, na siku ya ngoma ngui huyatoa hadharani, kwa jina. Aliyeimbwa haruhusiwi kununa. Huinuka akacheza katikati ya watu huku akiimbiwa ubaya wake, na akishacheza yamekwisha. Kesho yake anasalimiwa kama kawaida. Mutiso alicheza. Alicheza kama mtu aliyekanyaga siafu, lakini alicheza, na kondoo akarudi.

Sasa, ngui asiye na waitikiaji ni mwendawazimu anayepiga kelele sokoni. Waitikiaji wa Syombua walikuwa kikundi cha akina mama kiitwacho Kyeni, na sauti iliyowabeba wenzake ilikuwa ya Kalekye, dada yake Mutiso. Wifi hawa wawili waliimba pamoja tangu viuno vyao vikiwa vyembamba. Syombua alirusha neno, na kabla halijagusa chini Kalekye alikuwa ameshalidaka.

Halafu ukaja uchaguzi, ukaenda, ila siasa zake zikakataa kwenda. Nusu ya Kyeni wakawa wa chama cha Jembe, kilichochukua serikali, na nusu wakawa wa chama cha Mtungi, kilichoikosa. Kalekye alikuwa Mtungi wa kufa na kupona, akawa anapalilia shamba kwa panga ili asionekane ameshika jembe. Mwongeli, kiongozi wa akina mama wa Jembe, naye akaifungia mitungi yake yote stoo na kuteka maji kwa ndoo, nusu akiimwaga njiani. Watu wazima hao, wana wajukuu. Syombua hakuvaa fulana ya upande wowote, kwa hiyo pande zote mbili zilimshuku.

Ndipo habari zikaja kwamba Rais atapita Kikima kusalimia wananchi, na Kyeni wamwimbie. Syombua akatunga kama alivyofundishwa: kwanza shukrani kwa umeme uliofika sokoni, kisha lile la zahanati. Zahanati yenyewe ilikuwa jiwe la msingi. Rais aliliweka wakati wa kampeni, watu wakapiga makofi, na tangu hapo hakuna tofali lililoongezwa juu yake.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa kichekesho. Kwenye umeme waliitikia wa Jembe peke yao, wa Mtungi wakitazama mawingu. Kwenye zahanati wakaitikia wa Mtungi, na wa Jembe wakafunga lesi za viatu, hata wale waliovaa malapa. Ukiwa mbali ungedhani ni redio inayoishiwa na betri.

Kesi ikafika kwa Mzee Musyoka. Huyu alikuwa mzee wa kijiji na mtu wa Jembe, mzaliwa wa Ikutha huko Kitui, aliyeoa Kikima akabaki. Alimpenda Rais kuliko watu waliowahi kukutana naye. Picha ya Rais ilitundikwa sebuleni kwake, na ile ya harusi yake ilishushwa kidogo ili zisilingane.

"Mama Ben," alimwambia Syombua, "kukosoa Rais si uzalendo. Hiyo mstari ya zahanati toa."

"Na hiyo ya umeme pia itoke," akadakia Nthiwa, fundi wa baiskeli aliyejipa kazi ya kuitetea Mtungi. "Kumsifu ni kampeni, na kampeni iliisha."

Wakauchambua wimbo neno kwa neno, Syombua akiimba na wao wakikata. Akaimba "Karibu Kikima." Musyoka akasema ukimwambia mtu karibu unamaanisha amekaa mbali, na huko ni kumkosoa. Nthiwa akasema karibu huambiwa mgeni uliyemwalika, na yeye hakumwalika mtu. Likatoka. Akaimba "Mvua imenyesha, mahindi yamebeba." Nthiwa akasema Rais atafikiri mvua ni yake. Musyoka akasema kuisifu mvua ni kuinyima serikali sifa ya mbolea yake. Likatoka. Akaimba "Sisi ni watu wa Mbooni," na Nthiwa akakubali, lakini Musyoka akauliza kwa nini Mbooni peke yake, wengine wa Kenya wameenda wapi. Mwishowe wimbo ukabaki "eee, eee", na hata hapo Nthiwa alilalamika kwamba ile eee ya pili ilikuwa na furaha nyingi.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe Kalekye alimkuta wifi yake akifunga kibanda.

"Mama Ben, nasikia kesho utaimba hiyo eee."

"Ndiyo wamenipatia."

"Ukiimba hiyo, mimi natoka Kyeni. Na wamama wa upande yetu wananifuata."

"Na nikiimba ya zahanati, Mwongeli anatoka na wake. Ameniambia hivyo leo asubuhi. Wewe ungeiitikia lakini?"

"Kwa mazoezi nilikuwa nachokoza Mwongeli. Kesho siwezi. Huyo si rais wangu. Mtu hata si wako, unamwimba ya nini?"

Syombua aliacha kufunga kamba. "Kalekye, mwizi akipita hapa sokoni, huwa tunamwimbia?"

"Aiee. Tunampigia nduru."

"Kwa sababu si wetu. Hii miaka yote, umeniona nikiimba mtu wa kupita? Naimba Mutiso kwa sababu nalala kwake. Sasa huyu akikuja tumwambie eee, tumefanya yeye mtu wa kupita."

 Kalekye alibeba kikapu chake akapanda mlima. Syombua aliumia, na aliogopa pia. Serikali hakuiogopa. Kilichomtisha ni kurusha neno likaanguka chini mbele ya watu wote, Kalekye akiwa pale pale amefunga mdomo, na Kyeni iishe hivyo.

Siku ikafika. Uwanja ukajaa, magari yakaja, na kitu cha kwanza kushushwa kilikuwa kiti, kikubwa, chenye kitambaa chekundu na mikono ya dhahabu ya kupakwa. Kikawekwa katikati ya jukwaa na askari akasimama nyuma yake. Halafu ikatangazwa kwamba Rais amebanwa na shughuli za taifa na amemtuma msaidizi. Msaidizi, kijana wa Nairobi asiyejua Kikamba hata cha kuombea maji, hakuthubutu kukikalia kile kiti. Akaketi kando yake kwenye kiti cha plastiki. Musyoka akakiinamia kile kiti chekundu, na Nthiwa, kwa msimamo, akakataa kukivulia kofia.

"Wamama, angalieni kiti," Musyoka akanong'ona. "Eee."

Syombua akasimama, akakitazama kile kiti, akaimba:

"Wewe wa kwetu, ulituwekea jiwe, tukakushukuru.
Jiwe halimshiki mama mkono uchungu ukija.
Mbuzi wanalalia zahanati yako."

  Wa Jembe wameinamisha vichwa, Kalekye ametazama pembeni, na neno liko angani halina mwenyewe.

Sauti ikatoka nyuma, nzito na isiyo na mpangilio: "Mbuzi wanalalia." Ilikuwa ya Mwongeli. Mwongeli wa Jembe, mwenye leso ya Jembe na kofia ya Jembe. Bintiye alijifungua juu ya bodaboda, kwenye kona, akipelekwa hospitali ya mbali, na mtoto akafungwa kwa jaketi la mwenye pikipiki. Kikima nzima ilijua, ila Mwongeli alikuwa ameapa kutolisema jambo hilo kwa sababu lingewafaidi Mtungi. Sasa alikuwa akiliimba huku machozi yakimshuka, na alikuwa akiliimba vibaya. Kwa miaka yote aliwekwa mstari wa nyuma na kulikuwa na sababu.

Kalekye alivumilia mara ya kwanza. Mara ya pili ikamshinda. Siasa ni siasa, lakini hakuweza kukaa akisikia wimbo wa wifi yake ukiharibiwa namna ile. Akaudaka, akaunyoosha, na Kyeni yote ikaingia, Jembe na Mtungi, mpaka mabati ya soko yakatetemeka.

Basi wimbo ukafika mahali pake, mahali ambapo aliyeimbwa huinuka akacheza. Watu wote wakakigeukia kiti, na kiti hakikuinuka. Syombua akarudia ubeti. Akarudia tena. Wazee wakaanza kutazamana, maana asiyeinuka amejitoa, si wa watu tena, na siku nyingine akipita atapigiwa nduru.

Musyoka aliliona hilo kabla ya wengine.  Rais wake alikuwa anafanywa mtu wa kupita mbele ya Mbooni nzima, na hakuna hata mmoja wa wale wa magari makubwa aliyejua. Akavua kofia. Akapanda jukwaani mbele ya kiti chekundu, akanyoosha mgongo, akapunga mkono kama alivyoona kwenye televisheni, na akacheza. Alicheza kwa heshima zote, akiitikia kwa kichwa kila zahanati ilipotajwa. Msaidizi wa Rais alipiga makofi kwa furaha mpaka mtu akamtafsiria.

Syombua hakuulizwa kitu. Ilisemwa kwamba yeye ni burudani. Aliyeitwa ni Musyoka. Wakubwa wa Jembe walimvua nafasi yake chamani kwa kukiri kosa la Rais bila kumuuliza Rais. Nthiwa hakulaza damu, akampelekea kofia ya Mtungi nyumbani, bado ikiwa kwenye nailoni.

"Rudi nayo," Musyoka alimwambia. "Mimi ni mtu wa Rais. Ningekuwa simpendi ningekaa chini siku ile."

Mazoezi yaliyofuata Kyeni walikuja wote. Kalekye na Mwongeli walikuwa wakigombana kabla hata hawajafika, lakini ugomvi ulikuwa wa sauti, nani aende juu na nani amuachie mwenzake. Syombua aliwasikiliza akifurahi moyoni, akijifanya anatafuta filimbi. Hapo ndipo Musyoka alipotokea langoni, kichwa wazi, akasimama kama mtu aliyekuja kuomba maji.

"Mama Ben," alisema, "nimekaa hapa tangu nioe. Na nimekosea watu, siwezi kataa. Kuna maziwa niliwahi kuuza ikiwa na maji. Kuna mpaka ya shamba nilisongeza. Mnajua. Lakini hakuna siku mumeniimba."

 Ilikuwa kweli. Walimsengenya, walimkemea, na akiwa mbali walimwita yule wa Ikutha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hiyo walikuwa wameifunga wao, Syombua akiwa wa kwanza. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Akaweka filimbi mdomoni, akapuliza, akaanza:

"Musyoka wetu, ulikatakata wimbo, ukatubakishia eee."

"Ukatubakishia eee," wakaitikia Kalekye na Mwongeli kwa pamoja, na wote nyuma yao.

Musyoka akaingia katikati akacheza, akilia waziwazi kama mtoto, mikono juu. Wimbo ulipofika mwisho wanawake wakashusha pumzi, lakini yeye hakutoka uwanjani. Akawaambia wasiishie hapo, bado kuna lile la maziwa.